Abiria Asiyeonekana Stesheni

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru



Tumeombwa tuzungumze juu ya safari za abiria. Swali ni hili: katika miaka inayokuja watu wa Thika na Ruiru watasafiri kwa wingi gani, nao watapanda nini? Huenda mtu akasema kwamba hiyo ni kazi ya wakubwa wenye ramani na mashine za hesabu. Sivyo. Kwa hesabu hiyo njia ya reli huongezwa au hufungwa, nauli hupandishwa au hushushwa, na mtu wa reli huandikwa kazi au huambiwa arudi nyumbani. Jambo linalogusa ugali wetu hatuna budi kulijua sisi wenyewe.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, kisha likaendelezwa hadi Nanyuki. Halikujengwa kwa ajili yetu. Lilijengwa kwa ajili ya kahawa, katani na mazao mengine ya masetla. Hata hivyo watu walipanda. Wengi wao walikuwa abiria wa daraja la tatu, Waafrika waendao kutafuta kazi au warudio makwao kwa mapumziko, nao walikaa juu ya viti vigumu pamoja na vikapu vyao. Funzo la kwanza ni hilo: gari likiwapo, abiria hutokea, hata kama gari halikuletwa kwa ajili yake.

Motokaa zilipoanza kushindana na reli, serikali ya kikoloni ilitunga sheria za leseni katika miaka ya 1930 ili kuikinga reli. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza Nairobi mwaka 1934. Lakini mji ulikua, na mabasi hayakufika kila mtaa. Ndipo zikatokea gari ndogo za kubeba watu kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, na jina la matatu likazaliwa. Kwa muda gari hizo zilifanya kazi kwa kujificha polisi, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni ile. Twasema wazi mbele ya wenzetu wa matatu walio hapa: nyinyi hamkutuibia abiria. Mlimwokota aliyeachwa njiani.

Kwa upande wetu mambo yalikwenda vibaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ya pamoja iligawanywa, na Shirika la Reli la Kenya likaanza mwaka 1978. Injini zilizeeka, vipuri vikakosekana, na mwendo wa treni ukapungua. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni ya binafsi, na maelfu ya wafanya kazi wakapunguzwa. Mkataba ule ulivunjwa mwaka 2017. Treni ya abiria ya Nanyuki ilikoma kwa miaka mingi, nyasi zikaota katikati ya mataruma, mpaka ikarudi Desemba 2020.

Sasa tuulize. Katika miaka ile ya nyasi, karani angesimama stesheni na daftari yake, angehesabu abiria wangapi wa Nanyuki? Angeandika: hakuna. Hesabu yake ingekuwa sawa, lakini maana angeyoitoa ingekuwa ya uongo. Maana watu walikuwa wakisafiri kila siku, kwa basi, kwa matatu, kwa malori, kwa miguu. Ndilo jambo moja tunalotaka mwende nalo nyumbani leo: idadi ya tiketi si idadi ya wasafiri. Tiketi yaonyesha ni nani aliyekubali kile alichopewa. Haionyeshi ni nani aliyekuwa na haja.

Basi tuwahesabu wenye haja. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta mjini Ruiru watu karibu 239,000. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta watu 490,120. Mji umezidi mara mbili katika muda wa miaka kumi. Thika mjini walihesabiwa watu 251,407 mwaka huo wa 2019. Kaunti nzima ya Kiambu ilitoka watu 1,623,282 ikafika watu 2,417,735. Nendeni mkatazame wenyewe: palipokuwa na kahawa, leo kuna ploti, na juu ya ploti kuna nyumba za kupanga za orofa tano na sita. Katika nyumba hizo mtu hulala Ruiru na kula Nairobi. Mwingine hulala Githurai na kula Thika, kwenye viwanda vya nguo, vya mafuta na vya mananasi. Watu hawa lazima wasafiri. Kwa hiyo juu ya swali la wingi hatuna shaka: safari zitaongezeka. Linalobaki ni kujua watapanda nini, na hilo halikuandikwa mbinguni. Litaamuliwa na watu.

Tuchukue njia moja moja.

Njia ya kwanza ni miguu. Katika Nairobi na viunga vyake, karibu safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Asubuhi na mapema tazameni kando ya barabara ya viwandani, mtaona msururu wa watu. Hawatembei kwa kuwa wapenda kutembea. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, na mtu afanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 5,200. Akiongeza pikipiki ya shilingi 50 asubuhi na 50 jioni, ni shilingi 2,600 nyingine. Jumla ni 7,800. Mwenye mshahara mdogo hawezi kulipa hivyo na tena alipe kodi ya nyumba na karo. Mtu huyu atembeaye ni abiria wa kesho, lakini ni abiria wa nauli ndogo tu. Nauli ikiwa kubwa, ataendelea kumaliza viatu.

Njia ya pili ni bodaboda. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo miaka ya 2007 na 2008, na tangu hapo zimejaa kila pembe. Vijana wetu wengi wamepata riziki kwazo, na wengine wamepata vilema. Bodaboda hufika mlangoni, na hakuna treni wala basi liwezalo kufanya hivyo. Twaona zitaongezeka. Kwa safari fupi ya kumfikisha mtu stesheni zatufaa sana. Kwa safari ya kutoka Ruiru mpaka mjini katikati ya malori, ni hatari kwa dereva na kwa abiria wake.

Njia ya tatu ni matatu na mabasi. Hizi ndizo zibebazo wengi wa wapandao gari, na hazitaondoka. Kanuni za Februari 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo, na abiria wa Nissan wakawekwa 14. Ubora wa matatu ni kwamba huja mara kwa mara. Huhitaji kujua ratiba, wasimama tu kituoni. Udhaifu wake ni nauli isiyo na msimamo. Mvua ikinyesha, nauli hupanda. Dizeli ikipanda, nauli hupanda. Mwezi Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita, na kila mmoja wetu aliiona mfukoni. Wakati wa Korona, mwaka 2020, matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba watu 8, na nauli ikapanda hali mishahara imekatwa. Watu walilipa. Walilipa kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, na mtu asiye na njia nyingine hakuchagua.

Njia ya nne ni motokaa ya mtu binafsi. Kila apataye kidogo hutamani kununua. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa Novemba 2012, urefu wake karibu kilometa 50, na gharama yake karibu shilingi bilioni 32. Siku za kwanza ilikuwa raha. Baadaye tuliona jinsi ilivyokwenda: barabara pana iliita nyumba, nyumba zikaita motokaa, na motokaa zikaijaza barabara. Sasa asubuhi msongamano huanza mbali kabla ya kuingia mjini. Ukiongeza barabara tena, hadithi itakuwa ile ile, na ardhi ya kuongeza imekwisha. Ulikuwapo pia mpango wa mabasi yenye njia yake peke yake, uliopewa jina la Simba, wa kutoka Rongai kupitia mjini hadi Ruiru, Thika na Kenol. Vituo vilianza kujengwa barabarani, lakini mwaka 2024 ulikwisha na abiria wa Thika alikuwa hajapanda basi hilo.

Njia ya tano ni yetu, treni. Novemba 2020 treni za mji wa Nairobi zilipewa magari mapya kwetu, ingawa yalikuwa yametumika Hispania. Moja ya njia zake ni ya Ruiru, ipitayo Makadara, Dandora, Mwiki, Githurai na Kahawa. Ubora wa treni ni mkubwa. Tuseme treni ina mabehewa kumi, na kila behewa lachukua watu 84. Hao ni watu 840. Ili kuwabeba kwa Nissan za watu 14 wahitaji Nissan 60. Treni moja, dereva mmoja na wenzake wachache, na hakuna msongamano mbele yake. Nauli yake haipandi kwa sababu ya wingu jeusi.

Mbona basi wengi hawapandi? Ndugu zangu, tusijidanganye, tuseme ukweli. Njia yetu ni moja. Treni mbili zikikutana, moja lazima ingojee stesheni. Kwa hiyo treni ni chache. Aliyeikosa ya asubuhi amekosa. Tena ratiba ya treni za mji tangu zamani ilipangwa kwa ajili ya mtu wa ofisi: asubuhi kuingia Nairobi, jioni kutoka. Mama wa Githurai aingiaye kiwandani Thika saa moja asubuhi aenda upande wa pili, na treni hiyo haimhusu. Kijana atokaye zamu ya usiku hana lake. Na mtu wa Ruiru akaaye mbali na stesheni yambidi alipe bodaboda kwanza. Wote hao hawako katika daftari ya tiketi. Lakini wako barabarani, wamesimama na fedha ya nauli mkononi.

Hatari yenyewe ni kwamba mtu wa ofisini aweza kuitwaa daftari hiyo akasema: abiria ni wachache, tuwaongezee nini? Jambo hili limetokea kwingine. Huko Uingereza, mwaka 1961, hesabu za abiria zilichukuliwa katika juma moja la mwezi Aprili. Mwaka 1963 Bwana Beeching, mkubwa wa reli zao, akatoa taarifa ya kutaka stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe pamoja na karibu theluthi moja ya njia. Nyingi zilifungwa, na wafanya kazi wengi walipoteza kazi. Njia mojawapo ya Uskoti, kutoka Edinburgh kwenda kusini, ilifungwa mwaka 1969. Miaka 46 baadaye, Septemba 2015, sehemu yake ilifunguliwa tena, kilometa 48 hivi, karibu sawa na urefu wa kutoka kwetu Thika hadi Nairobi. Wataalamu walikadiria abiria kama 650,000 kwa mwaka mzima. Katika miezi sita tu walipanda karibu 700,000. Na stesheni zilizowashinda wataalamu zaidi ni zile za mwisho wa njia, walizodhani hazina watu. Abiria alikuwako miaka yote. Gari ndilo lililokosekana.

Tusiende mbali hivyo. Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza treni za mji Oktoba 2012, watu wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wao, na zikajaa. Mabasi ya mwendokasi yalianza huko mwaka 2016, nayo yakajaa mpaka watu wakasukumana vituoni. Treni ya umeme ya Dar es Salaam na Morogoro ilipoanza Juni 2024, watu waliipanda. Sisi wenyewe tuliona treni mpya ya Mombasa mwaka 2017 ikijaza viti wiki nyingi, hali treni ya zamani ilikuwa imekwisha kuachwa na watu kwa kuchelewa kwake. Watu walikuwa wale wale na safari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni saa ya kufika.

Lakini tuongeze onyo. Addis Ababa walifungua reli ya mjini mwaka 2015 na treni 41. Watu walipanda kwa wingi. Miaka michache baadaye nyingi ya treni hizo zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Kupata abiria ni kazi moja, kumweka ni kazi nyingine. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aundaye ni mtu wa karakana, mtu wa njia mwenye nyundo na pimo, mtu wa ishara, na mtu wa stesheni. Abiria wakiongezeka na wafanya kazi wasiongezeke, hiyo si maendeleo, ni ajali inayongoja siku yake.

Basi Chama kifanye nini? Tunaleta mambo manne mbele ya mkutano.

La kwanza, tuhesabu wenyewe. Wanachama wa Thika wasimame kwenye milango ya viwanda wakati wa kubadilishana zamu. Wa Ruiru wasimame kituoni na kwenye njia za miguu. Tuwaulize watu maswali matatu tu: watoka wapi, waanza safari saa ngapi, walipa kiasi gani? Daftari la shule na kalamu vyatosha. Siku tutakapokwenda mbele ya wakubwa, tusiende na kelele, twende na hesabu ya watu ambao tiketi haziwaonyeshi.

La pili, tudai ratiba ya mfanya kazi. Treni iende Thika asubuhi kama iendavyo Nairobi, na zamu za viwanda ziangaliwe. Ili treni ziwe nyingi, pawe na mahali pa kupishana, na baadaye njia ya pili. Fedha nyingi zilipatikana kwa ajili ya lami; haba zipatikane kwa ajili ya chuma.

La tatu, tusigombane na watu wa matatu na wa bodaboda. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni abiria na nauli yake. Hata dereva na makanga ni wafanya kazi, na wengi wao hawana mkataba, hawana likizo, wala hawana siku ya kuugua. Treni ikibeba safari ndefu na wao wakaleta watu stesheni, kila mmoja apata. Tukae nao mezani tupange vituo na nauli, kabla hatujapangiwa na wengine.

La nne, tulinde matengenezo. Kila mara fedha zinapopungua, cha kwanza kukatwa ni mafuta ya kulainisha, mataruma na watu wa njia. Treni ikichelewa mara tatu, mtu wa Ruiru hurudi barabarani, na akirudi huwashawishi wenzake kumi. Sisi wa reli nasi tuna wajibu: kuondoa treni kwa saa yake, kumjibu abiria kwa adabu, kuweka behewa safi. Mama mwenye mtoto mgongoni, akishuka salama saa aliyoahidiwa, ndiye mtetezi mkubwa wa kazi zetu. Hotuba haiwezi kumzidi.

Tumesema kwamba safari zitaongezeka. Kama hapatafanywa neno, twaona ziada hiyo itagawanyika hivi: maskini watazidi kutembea, wenye kidogo watazidi kubanwa ndani ya matatu kwa nauli isiyojulikana, na wenye nacho watazidi kukaa peke yao ndani ya motokaa katika msongamano. Likifanywa neno, watu wengi kati yao watapanda treni, na nafasi ya barabara itawatosha wale wasio na budi kuitumia. Matokeo yote mawili yawezekana. Hayatengwi na bahati, yatengwa na nani atakayekuwa ameleta hesabu mezani siku ya kuamua.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba majina ya wanachama watakaohesabu watu katika milango ya viwanda yaandikwe kabla mkutano huu haujafungwa. Watu kumi wa Thika na kumi wa Ruiru watatosha kuanza.